Harusi ya Kupigia Picha

Jalila aliolewa mchana kweupe, na asiyejua hilo pale Mtongwe basi si mtu wa Mtongwe. Babake, Mzee Ahmad, ndiye aliyemuozesha kwa mkono wake, msikitini, mbele ya wanaume waliojaa mpaka nje. Mwenyewe bibi harusi alikuwa nyumbani ndani, miguu imenyooshwa, hina haijakauka, maana kwetu mwari haendi msikitini kuozwa. Alijua ameshakuwa mke wa Najib aliposikia vigelegele vya shangazi zake uani.

Na siku ya kupambwa ndiyo usiseme. Bi Dhahabu, mamake Najib, alimsimamisha mtu mlangoni, kila mwanamke aingiaye atoe simu, simu itiwe beseni, beseni lifunikwe leso. Ndani wanawake vichwa wazi na mabega nje, na Bi Dhahabu hakutaka mkaza mwanawe azungushwe mitandaoni. Sifa zikamwendea kweli kweli, ati huyo ndiye mama mwenye haya, waliobaki wajifunze. Basi harusi nzima ikaisha bila picha hata moja. Najib alipiga moja mbili chumbani siku za fungate, lakini hizo, wallahi, si za kumwonyesha mtu wa serikali.

Fungate ikaisha, Najib akarudi zake Ulaya, alikokuwa akifanya kazi kwenye ghala la bidhaa. Alisema atamwita mkewe haraka, visa ya mke haina matata. Jalila naye akahamia kwa Bi Dhahabu, mtaa wa Shika Adabu, kwa kuwa mke hukaa kwa mumewe, na mume akiwa safarini hukaa kwa mamake mume. Ni kwa muda tu, alimwambia mamake mzazi huku akifunga sanduku.

Muda tu huo! Alfajiri ateke maji, apike, afue, afagie ua, na jioni aikande miguu ya Bi Dhahabu kwa mafuta ya nazi mpaka bibi apitiwe na usingizi. Bi Dhahabu hakuwa mtu wa matusi, tusimsingizie. Alimwita "mwanangu" kila mara, na kila "mwanangu" ilikuja na kazi yake. Jalila aliitika abee, akaenda. Hakuwa na haja na Ulaya, baridi yenyewe alikuwa akiiogopa. Alimtaka Najib. Alimtaka kwa namna ambayo mwanamke aliyelelewa vizuri hawezi kuisema mbele za watu, na kila Ijumaa simu ilipolia alikimbia uani nyuma ya choo asikike na mumewe peke yake.

Mwaka uleule Mzee Ahmad akafariki kwa sukari. Najib hakuweza kuja. Na msiba haujapoa, jibu la visa likatoka: wamekataa. Cheti cha kadhi wamekiona na hawana neno nacho, lakini hawajaona kitu cha kuwathibitishia kwamba hawa wawili ni mume na mke kweli. Harusi ya watu chungu nzima, haina picha hata moja? Kwa watu wanaopiga picha mpaka sahani ya chakula, hilo haliingii akilini. Nani angewaeleza habari ya beseni?

Najib alipopata likizo akaja, na akaja na shauri lake. Harusi ifanywe tena, ipigwe picha, basi. Na hapa msicheke, kwa sababu hakuna aliyeona ubaya. Majirani, jamaa, mpaka imamu aliposikia alinyamaza tu. Ndoa ni ya kweli, walisema, picha ndizo zimechelewa. Wakakodi nguo, wakakodi viti vya enzi na maua ya plastiki, wakamleta mpiga picha kutoka Changamwe. Bi Dhahabu yuleyule ndiye aliyekuwa akiwasukuma watu mbele ya kamera, wewe cheka, wewe sogea, wewe mbona umenuna kama uko matangani.

Ikabaki picha ya kuozwa. Cheti kinasema aliyemuozesha binti ni babake, na babake yuko kaburini. Wakamkalisha Mjomba Boga, kaka wa mamake Jalila, wakamvisha kanzu ya marehemu wampate sura kidogo, akashikana mkono na Najib. Jalila mwenyewe ndiye aliyeipiga pasi ile kanzu. Alimwomba mumewe kwa sauti ya chini kwamba hiyo moja waiache, roho yake haitaki. Bi Dhahabu akamjibia mwanawe.

"Picha haina mdomo, mwanangu. Itasema nini?"

Picha kweli haikusema. Aliyesema ni Jalila. Maombi yalipopelekwa upya, aliitwa ubalozini Nairobi kuhojiwa, akaingia chumba cha baridi na buibui lake jipya, akakaa mbele ya mama mmoja wa Kizungu, mpole, na kijana mkalimani ambaye Kiswahili chake kilikuwa kikimuumiza masikio. Najib alikuwa amemfundisha kila jibu. Aliulizwa ya mwanzo akajibu, ya pili akajibu. Kisha yule mama akatoa picha, akaweka kidole juu ya Mjomba Boga, akauliza kama huyo ndiye babake.

Neno lenyewe ni moja tu. Ndiyo, basi, aende zake kwa mumewe. Lakini Jalila aliiona kanzu ya babake, akaona na uso mwingine juu yake, na ulimi ukakataa katakata. Baba aliyemlea peke yake miaka ile mamake alipokuwa mgonjwa, leo amkane mbele ya watu asiowajua? Hakuweza.

"La. Baba yangu amefariki. Huyu ni mjomba wangu."

Mama wa Kizungu akakisoma cheti tena, polepole. Akauliza, kama siku ile babake alikuwepo, yuko wapi hapa? Jalila akaeleza yote: beseni, leso, mauti, harusi ya pili. Alieleza bila kuficha kitu, kwa kuwa alilelewa akiambiwa msema kweli ni mpenzi wa Mungu, na alitoka mle ndani moyo umetulia akijua wamemwelewa. Masikini ya Mungu! Wiki kadhaa baadaye jibu likaja. Wamedanganya kwa makusudi. Mke huyu asiombe tena visa kwa miaka kumi.

Nyumba ikageuka baridi kuliko hiyo Ulaya. Bi Dhahabu hakupiga kelele, alizunguka nyumba akiwaambia wageni kwamba kuna watu hupewa mlango wazi wakaufunga kwa mdomo wao wenyewe. Simu za Ijumaa zikawa fupi, kisha zikaruka Ijumaa moja, kisha mbili. Jalila alizidisha kazi, ndiyo tabia yake alipoogopa. Alifua mpaka mapazia.

Siku aliyopiga, Najib hakumpigia mkewe. Alimpigia mamake, na Bi Dhahabu akaitua simu mkekani, sauti juu, mbele ya Jalila aliyekuwa akichagua mchele.

"Jalila," Najib akaita.

"Abee."

"Nimekuacha, talaka moja. Nisamehe. Miaka kumi siiwezi."

Bi Dhahabu akaichukua simu akaenda nayo chumbani, na Jalila akaumaliza mchele wote, mpaka kokoto ya mwisho, kwa kuwa hakujua mikono yake aifanye nini.

Alitaka kurudi kwao Mtongwe siku ileile. Bi Dhahabu akamletea sharia: talaka ya rejea, eda, yaani siku za kungoja, hukaliwa nyumba ya mume. Na ni kweli, imamu alipoulizwa alisema vivyo hivyo. Ila sharia haikusema mtu wa eda aendelee kukanda miguu ya mamake mume, hiyo aliitia Bi Dhahabu. Jalila akabaki, na nisiwafiche, alibaki kwa furaha kidogo. Talaka moja si tatu. Eda ikiwa haijaisha, Najib ana haki ya kumrejea kwa neno tu, hakuna mahari wala msikiti. Akawa anaomba kila swala, amlainishe Mola mtu wake kabla siku hazijakwisha. Simu ya Bi Dhahabu ikilia, aliacha kazi akatega sikio.

Mwezi wa Shaabani ulipoandama, akaambiwa akaange mahamri mengi na chai iwe ya maziwa, kuna wageni kutoka Kisauni. Wakaja mama wawili, Bi Nadira na dadake, wamejifukiza udi. Jalila alikuwa nyuma ya pazia na sinia mikononi alipomsikia Bi Nadira akisema kwa adabu kwamba binti yake ni mmoja tu, na wamesikia kijana ana mke.

"Mke gani?" Bi Dhahabu akasema. "Ile ilikuwa harusi ya kupigia picha. Hata wazungu wenyewe walichunguza, wakaona si ndoa."

Jalila hakungoja kuitwa. Akaingia. Akapiga magoti, akatua sinia, akawaamkia wageni shikamoo, kwa kuwa adabu haikumtoka hata hapo. Bi Nadira akaitika marahaba, akauliza huyu binti mzuri ni nani. Bi Dhahabu akafungua mdomo, lakini safari hii Jalila alimtangulia.

"Naitwa Jalila. Aliniozesha baba yangu, msikiti wa Mtongwe. Niko edani kwa Najib."

Bi Dhahabu akaangalia mkeka. Bi Nadira akamtazama Jalila kuanzia utosi hadi vidole vya miguu, bila chuki, kama mtu anayetazama nyumba ambayo mpangaji hajatoka. Akachukua hamri moja, akaivunja.

"Pole, mwanangu," akasema. "Na imebaki muda gani?"

Mtu mzima akiuliza hujibiwa.

"Mwezi mmoja," Jalila akasema.

Bi Nadira akamgeukia Bi Dhahabu, akamwambia basi harusi ikiwa Mfunguo Mosi, baada ya Idi, itakuwa vizuri, na akaomba aongezewe sukari.