Mwezi wa Udongo Uani Kwangu

Miaka michache baada ya Uhuru, mume wangu, mwalimu wa sayansi hapa Rumonge, alifinyanga mwezi. Naam, mwezi! Donge la udongo kubwa kama boga, akaliweka uani. Alisema sayari ya Mirihi ina mwezi mdogo sana, na yeye alitaka kujua uso wake unapata joto gani juani na kivulini. Karatasi yake ya matokeo ingepelekwa Bujumbura, kwenye maonyesho ya walimu.

Ningevumilia. Lakini kipimajoto, kile kirefu cha kupimia joto la maji, kilikuwa cha dispansari, na hakikuja peke yake. Kila Jumapili kililetwa na muuguzi, msichana wa soksi nyeupe. Yeye alisoma namba, mume wangu akaandika kwenye kaye, daftari lake, mimi nikawapelekea chai. Wivu ni kidonda, wanasema. Mimi nilikonda hadi kitenge kikawa hakikazi kiunoni. Hawakugusana hata kidole. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa akimweleza mambo. Mimi, miaka tisa, hajanieleza kitu ila kwamba chumvi imezidi.

Jumapili moja wakakwama. Kitabu kilisema mwezi usio na hewa hupoa upesi kivuli kikiupitia. Mume wangu akalifunika donge kwa mwavuli, nalo likabaki na moto wake uleule.

"Sasa tutafanyaje, madamazeli?"

Madamazeli! Nikabwaga sinia chini. Mimi nimekua nikianika ndagala, vile visamaki vya ziwa, mchangani kule Magara. Mchanga wa juu unakuunguza nyayo. Fukua kidole kimoja tu, chini kuna baridi. Wingu likipita, ule wa juu umeshapoa kabla hujageuza samaki.

"Huo mwezi wenu iko uchi," nikasema. "Muupake vumbi."

Nikachekecha majivu ya jikoni, nikalifunika donge zima. Wakasubiri jua liyachome, wakarudisha mwavuli. Muuguzi akasoma, akasoma tena. "Loh! Inashuka mbio!"

Kesho yake mume wangu akanisomea karatasi. Mwishoni alimshukuru muuguzi, majina yake yote matatu.

"Na mimi?"

"Iko hapa: majivu yalitoka jikoni."

"Jikoni ndiyo jina langu?"

Akaona haya, maskini. "Haki yako, Mama Watoto. Ngoja nikuandike."

Akaandika "Bibi binti," kisha kalamu ikasimama. Akaniuliza baba yangu, aliyemshika mkono siku ya kutuozesha, aliitwa nani vile.