Aliyesema Hajui Mbele ya Glasi Tano

Jumanne asubuhi simu ilitoka Mikumi. "Shikamoo kaka," alisema mama mmoja anayehudumu mezani katika hoteli ya watalii kule, na nilipoitikia marahaba akaendelea: "Mzee wetu ametutoka alfajiri. Tunamleta kwao Kilosa kesho." Mzee mwenyewe alikuwa mkuu wake wa kazi, mjukuu wa fundi wa reli, aliyewamiminia wageni mvinyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Ndiye pia aliyeanzisha klabu yetu ndogo ya waonja mvinyo. Tulikuwa watu tisa, walimu, mpishi, tabibu wa zahanati na mimi mwandishi, tukikutana Jumamosi moja moja mchana katika ukumbi wa nyuma wa hoteli ile.

Siku ninayoikumbuka zaidi tulikuwa na mvinyo mwekundu wa aina tano. Mpishi alikuwa amezifunga chupa kwa magazeti na kuziandika namba, ili kila mtu aonje bila kuona lebo, aandike alama, kisha akisie ulikotoka. Marehemu hakuwahi kukosea sana katika mchezo huo. Nakiri kwamba mimi nilizoea kuuchungulia uso wake kabla ya kuandika alama zangu, na baadaye niligundua kuwa sikuwa peke yangu. Siku hiyo aliinua glasi ya tatu, akaonja, akaiweka chini. Mwalimu mmoja akamuuliza huo ni wa wapi.

"Sijui," alisema.

"Mzee, usitutanie."

"Sitanii. Tangu yale mafua makali, huu ni mwezi wa tatu, sisikii harufu ya kitu chochote. Wageni nawashauri kwa kukumbuka lebo tu. Juzi maharage yameungua nimekaa kando ya jiko, mke wangu ndiye aliyekuja mbio kutoka uani. Nikaona basi, nitawadanganya watu mpaka lini?"

Tabibu alimuuliza kama amekwenda hospitali. Akajibu kwamba amekwenda, ameambiwa asubiri. Kisha kila mmoja akatazama karatasi yake. Sote tulijua kwamba maneno yale yangefika kwa meneja, na kwamba kazi yake nzima ilikuwa puani. Yeye akamgeukia yule mama wa mezani, aliyekuwa akituhudumia, akamsogezea glasi yake. "Nieleze wewe. Unasikia nini?" Mama alinusa mara mbili. Alisema anasikia zambarau zilizoiva kupita kiasi na moshi kwa mbali, na kwamba mvinyo huo ungefaa nyama ya kuchoma kuliko samaki. Marehemu alimsikiliza hadi mwisho, akamuuliza maswali, akaandika alama kwa kumfuata yeye. Sisi wengine, kwa mara ya kwanza, ilitubidi tuandike tulichoonja wenyewe, na alama zetu zilitofautiana vibaya sana.

Jumatatu alikwenda mwenyewe kwa meneja kabla habari haijamtangulia. Aliondolewa kwenye mvinyo, akapelekwa stoo kuhesabu mashuka na sabuni. Iliniuma kumwona bila koti lake jeusi, lakini yeye aliomba jambo moja tu, kwamba nafasi yake apewe yule mama, naye akapewa. Harufu ya kahawa ilimrudia baada ya mwaka. Ya mvinyo haikurudi kamwe. Hata hivyo hakukosa kikao chetu hata kimoja, akipokea glasi yake na kumuuliza jirani, "Nieleze."

Tunaishi wakati ambapo kila mtu anatakiwa awe na jibu. Fundi anafungua injini asiyoijua, ofisa anatia sahihi jambo asilolielewa, nasi wa magazetini tunatoa maoni kabla ya kuuliza. Wengi wetu hatuna nia mbaya. Tunaogopa tu kupungua machoni pa watu. Marehemu alipungua kweli, cheo na mshahara, na sitadai kwamba haikumgharimu. Ila baada ya siku ile hakumshauri tena mgeni yeyote mvinyo asioweza kuunusa. Nami mtu akiniuliza nisilolijua, najitahidi kusema sijui mapema, kabla hajafanya uamuzi wake kwa kutegemea maneno yangu.