Karatasi Iliyofika Kabla ya Hasira

Kazini walimwita Sikio, na jina lilimkaa. Miaka kumi na tisa alikuwa akivaa hedifoni, upande mmoja umefungwa plasta, akichapa kila neno lililosemwa bungeni kwa ajili ya taarifa rasmi. Sauti zilikuja kwa vipande vya dakika tano tano. Kila mwandishi alikuwa na kipande chake, na chini ya kila ukurasa alitia herufi za jina lake.

Miaka hiyo ilimfundisha kutomwamini mtu. Wizara zilileta nakala za majibu mapema, ili waandishi wapate majina na tarakimu sawasawa, na mara nyingi nyuma ya jibu la waziri lilikuwa limebanwa swali la nyongeza la mbunge, lile ambalo baadaye angeliuliza kwa uchungu kana kwamba limemjia papo hapo. Mashine ileile, wino uleule! Sikio alicheka kwa pua.

"Wanatupiga changa la macho," alimwambia mama yake. "Hata hasira yao inakuja na bahasha."

Mama hakucheka. Alikuwa na kisukari, kituo cha afya cha mtaa wao kilikuwa hakina dawa tangu mvua zianze, na dukani bei haikushikika. Basi akawa anaruka siku: leo anachoma sindano, kesho anaacha. Kidonda cha kidole chake cha mguu kilikuwa kinakataa kupona.

Siku ya maswali juu ya dawa na ugumu wa maisha, Sikio alipata kipande chake, na nakala ikiwa tayari mezani. Akasikiliza sentensi mbili za mbunge, zikafanana na karatasi neno kwa neno. Ah, ngonjera zilezile! Akavua hedifoni, akanakili karatasi mpaka mwisho, akatia herufi zake, akaenda kunywa chai.

Jioni alimkuta mama ameng'ang'ania redio.

"Mwanangu, waziri kaahidi! Jumatatu anakuja mwenyewe na dawa, kituoni kwetu. Kakitaja kwa jina."

"Mama, usiwaamini hao."

"Wewe humwamini hata msusi wako."

Jumatatu mama alijikongoja hadi kituoni, akakaa kwenye benchi mpaka mlango ukafungwa. Hakuja waziri wala nini. Jumanne mbunge alisimama akiwaka, na waziri akajibu kwa upole kwamba taarifa rasmi haina ahadi yoyote ya namna hiyo. Na humo bungeni redio si ushahidi. Taarifa rasmi ndiyo yenye neno la mwisho.

Machale yakamcheza Sikio. Wamefuta! Damu ilimchemka, akashuka mbio chumba cha kuhifadhia sauti ili awakamate. Akaipata sauti ya siku ile. Zilikuja sentensi mbili za karatasi, kisha mkwaruzo wa karatasi inayokunjwa.

"Mheshimiwa Spika, naomba niache haya niliyoandikiwa."

Mbunge aliuliza swali lake mwenyewe, akakitaja kituo. Waziri alibabaika, akaahidi Jumatatu.

Sikio akafungua ukurasa uliochapwa ili aone ni nani aliyeiba maneno. Chini zilikuwa herufi zake mwenyewe. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto.

Akaenda kwa mkuu wake kuomba fomu ya masahihisho. Mkuu alifunga mlango kwanza.

"Andika mtambo ulikorofisha," alinong'ona. "Una maonyo mawili, dada yangu. La tatu, unakwenda nyumbani."

"Na nikiandika hivyo?"

"Wizara itabisha, itataka fundi aukague. Wiki mbili, tatu, mambo yatapoa."

"Mama yangu hana wiki tatu, Mkuu."

Akajaza ahadi ya waziri kama alivyoisikia, na penye sababu akaandika: Mtambo ni mzima. Mwandishi hakusikiliza. Chini akatia herufi zake.

Mkuu akanyoosha mkono. "Niachie, nitaipeleka kwa Katibu wa Bunge."

Sikio alimtazama, akaibana fomu kifuani. "Samahani, Mkuu. Hii naipeleka mwenyewe."

Alimwomba Katibu aisome fomu kwa sauti, neno kwa neno, kabla haijaingia kwenye taarifa rasmi, na safari hii alisikiliza mpaka mwisho.