Komamanga Lisilotiwa Jino

Trekta iliyonibeba kutoka stesheni iliniacha kwenye geti la buluu, ndani kabisa ya rasi ya Kathiawar, vumbi likiwa limenijaa hadi kwenye kope. Kabla sijabisha hodi nilipiga chafya tatu.

"Pole, kaka," alisema mwanamke aliyekuwa juu ya ngazi iliyoegemea mkomamanga. "Ni mvuje huo, utomvu unaonuka. Kindi hauwasumbui, unasumbua wageni."

Ndiye Rambha. Alikuwa akipaka makomamanga pilipili ya unga na mvuje, vilivyokorogwa kwa mafuta ya nyonyo, tunda moja moja, kama anayempaka mtoto baada ya kumwogesha. Nilipanga chumba cha uani kwa majira ya baridi, na juma halikuisha kabla sijaijua sababu.

Miaka minne nyuma mumewe aliugua homa, nusura afe. Mama mkwe wake, Jivkor, akaweka nadhiri: mwanangu akipona, hakuna mwanamke wa nyumba hii atakayevuka mpaka wa kijiji hadi Mungu-Mama wa ukoo apelekewe komamanga la kwanza la mti huu, zima, lisilotiwa jino. Mwana akapona, akarudi zake mjini Surat kusugua almasi. Wanawake wakabaki na mti. Kila mwaka kindi waliwahi kulitia jino. Sasa mama mzazi wa Rambha, vijiji sita tu kutoka hapo, alikuwa anapofuka, na alituma neno kwamba anataka kumwona bintiye angali anaona.

Kindi hauawi kule. Mistari ya mgongoni mwake ni alama za vidole vya Bwana Rama. Jivkor mwenyewe aliwamwagia uwele kila asubuhi, chini ya mti uleule.

"Mama, unawakaribisha mezani!" Rambha alimlalamikia.

"Wakishiba hawataiba."

"Mwizi gani hushiba?"

"Wewe ulipoolewa ulimaliza mikate tisa. Nilikufukuza?"

Siku moja, bila kujua, nilichovya kidole kwenye kopo la pilipili nikalamba. Nyekundu kama damu, tamu kama karoti.

"Mbona haiwashi?"

Rambha na Jivkor waliacha kazi, wakanitazama. Kilichoonjwa hakimfai tena Mungu-Mama, ndiyo maana kwa miaka minne hakuna aliyethubutu kuionja.

"Mwaga yote!" Jivkor alifoka. Kisha, taratibu: "Haiwashi kabisa?"

"Hata kidogo, bibi."

Jivkor ndiye aliyeichagua sokoni, kwa kupenda rangi. Rambha aliketi chini pale pale. "Miaka minne," alisema, "nawaungia kindi mboga."

Pilipili mpya iliwatoa machozi walipoifungua tu. Kesho yake kindi mmoja alilamba tunda, akateremka mbio akifuta pua kwa mikono miwili. Jivkor alimwomba Rama radhi.

Komamanga la kwanza lilipoiva, Jivkor alilichuma mwenyewe, akaligeuza na kuligeuza, akitafuta alama ya jino.

"Zima."

Walipolipeleka hekalu la kijijini na kurudi, Rambha alichukua furushi lake la nguo. "Twende wote, Mama. Hata wewe umefunguliwa nadhiri."

"Nilikuwa na dada ng'ambo ya mto. Kafa mwaka juzi. Niende kwa nani? Nenda, macho ya mama yako hayangoji."

Rambha akagusa miguu ya Jivkor kwa heshima, akatoka. Tulisikia trekta ikipunguza mwendo, kisha ikiondoka. Jivkor alibaki ameshika geti kwa ndani. Hatimaye akanipa bakuli la uwele.

"Wamwagie," alisema. "Na usionje."