Tangazo la Albamu

Kwa miaka kumi na tisa Asnath alikuwa katibu wa usharika wao, huko milimani juu ya Same, na kila barua ya Kiingereza iliyokwenda kwa usharika rafiki wa ng'ambo aliiandika yeye. Watu walimwita Mama Barua, naye alilipenda jina hilo kuliko alivyokubali.

Ijumaa moja alimpa Faraja, mwalimu wa sekondari na binti wa kaka yake, barua mpya aipitie. Faraja alisoma, kisha akaomba kalamu.

"Shangazi, usinikasirikie. Sisi 'yeye' wetu ni mmoja tu. Anayepiga ni yeye, anayepigwa ni yeye, mume yeye, mke yeye. Wenzetu wanatenganisha. Mwanamume akitenda ni 'he', akitendwa ni 'him'. Mwanamke ni 'she', akitendwa 'her'. Nawe ukitenda ni 'I', ukitendwa ni 'me'."

"Siku zote?"

"Siku zote, shangazi."

Asnath aliiandika upya barua ile. Haikuwa hiyo iliyomchoma. Zilimchoma zile zilizokwisha kwenda.

Kesho yake wageni wa ng'ambo walifika, mchungaji wao akiwa mbele, na zawadi yao ilikuwa albamu nene: barua zote za Asnath, zimebandikwa kwa mpangilio, washarika wazione Jumapili baada ya ibada. Iliwekwa ofisini. Wageni walipokwenda kula, Asnath aliifungua. Katikati aliikuta barua ya rambirambi, aliyoiandika baada ya mke wa mchungaji huyo kufariki. "We loved he." Mara sita alikuwa amemwita marehemu mwanamume. Aliifunika albamu kwa kanga, akatoka nayo.

Nyumbani, jua likiwa bado juu, alianza na barua ya kwanza, akikata maneno na kusahihisha kwa kalamu ya bluu.

Jumapili, kama kawaida, katibu ndiye aliyesoma matangazo. Alisoma mazoezi ya kwaya, akasoma zamu ya kusafisha mfereji. Chini ya hapo Mzee Nathanaeli, mzee wa kanisa, alikuwa ameongeza mistari kwa mkono wake, na Asnath aliisoma kabla hajaielewa.

"Albamu ya wageni imepotea. Watoto wa kipaimara waliofagia ofisi jana wabaki baada ya ibada."

Watoto walitazamana. Mmoja alianza kulia. Asnath aliikunja karatasi, akaikunjua.

"Watoto waende nyumbani," alisema. "Albamu iko kwangu. Niliichukua mimi."

"Ya nini, Mama Katibu?" aliuliza Nathanaeli kutoka kwenye benchi lake.

"Barua zangu zimejaa makosa. Nilitaka kuyafuta kabla hamjayaona."

"Umeyafuta yote?"

"Nimefika barua ya nne."

Upande wa kwaya mtu alicheka, akajifanya anakohoa.

"Utakwenda kuileta," alisema Nathanaeli. "Lakini malizia matangazo kwanza. Bado la mnada wa mavuno."

Alilimalizia kwa sauti aliyoisikia kama ya mtu mwingine.

Alipoirudisha albamu, nje ndizi na kuku walikuwa wakinadiwa, lakini watu wengi walibaki ndani kuizunguka meza. Waliigusa mistari ya bluu wakanong'ona, wala hakuna aliyemwita Mama Barua. Mchungaji mgeni alifungua kurasa taratibu hadi kwenye rambirambi, ambako kalamu haikuwa imefika. Asnath aliunyosha mkono ili augeuze ukurasa. Mgeni aliweka kiganja juu ya ukurasa, akasoma.

Asnath aliurudisha mkono. "I am sorry," alisema. Alionyesha neno la kwanza, halafu la pili, yote sita, na kwa kila moja alitamka lililostahili: "She. Her. She."

Mgeni aliitikia kwa kichwa, lakini macho yake hayakutoka kwenye karatasi. Asnath hakujua kama amesamehewa. Alibaki kando ya meza, akimjibu kila aliyeuliza kosa liko wapi, mpaka kanisa likabaki tupu.