Chonge Waliyotaka Kuichimba

Mama mkwe wangu aliingiza kidole kinywani mwa mwanangu, akakipitisha taratibu juu ya ufizi wa chini, halafu kikasimama. "Maawe!" akasema. "Njoo uone mwenyewe. Meno ya plastiki hayo."

Binti yangu alikuwa hajafikisha hata miezi sita. Alikuwa anaharisha tangu juzi yake, mwili unawaka, na kunyonya mpaka abembelezwe. Nikainama kuangalia. Kweli ufizi ulikuwa umevimba huku na huku, pale chonge zinapoota, vivimbe viwili vyeupevyeupe vinavyong'aa kwa mate.

Kwetu Karagwe, na huko Kyerwa vilevile, hakuna mzazi asiyeyasikia meno hayo. Wanasema ni meno ya uongo, laini kama plastiki, ndiyo yanayomletea mtoto homa na kuharisha, na kwamba dawa ya hospitali haiyawezi. Dawa yake ni kuchimbwa. Mchimbaji anapasua ufizi kwa spoki ya baiskeli iliyonolewa, anatoa kitu kidogo cheupe, anamwonyesha mama: unamwona funza huyu? Na mama anamwona funza.

Mimi ni mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi. Jino nimelichora ubaoni mpaka limenichosha: mzizi chini, taji juu, meno ya mbele bapa kama patasi, gego lenye vilima na mabonde ya kusagia, chonge yenye ncha moja na miteremko miwili. Nilijua kwamba taji hujengwa ndani ya ufizi muda mrefu kabla halijaonekana, linaanzia kwenye ncha, tena likiwa bado laini. Huyo wanayemwita funza ni chonge ya mtoto ambayo haijakomaa, basi. Nilijua yote hayo. Lakini jamani, kujua ubaoni ni rahisi. Anayeharisha akiwa wako, elimu yote inaingia mitini.

"Mama," nikasema, "hilo ni jino lake. Tumpeleke zahanati kwanza."

"Zahanati watakupa vidonge, ukirudi unazika. Mumeo alichimbwa akiwa mchanga kuliko huyu. Si huyo, anakula nyama?"

Anakula nyama, ndiyo. Lakini mke ni mimi, kinywa chake nakijua. Chonge yake moja ya chini, iliyoota baadaye pale alipochimbwa, haina ncha. Taji lake limebonyea, lina vishimo na rangi ya chai, kama kazi ya fundi aliyeondoka kabla hajamaliza. Mume wangu akicheka huziba mdomo kwa mkono. Nilipompigia simu Bukoba alikokwenda kikazi, nikidhani yeye angalau ataniunga mkono, akanijibu, "Msikilize mama. Ameona mengi." Nilikata simu bila kumuaga. Nilikuwa na hasira, na hofu ilikuwa kubwa kuliko hasira.

Nilipotoka nje nikakuta mama amekwisha kumbeba mtoto mgongoni, na jirani yetu wa bodaboda anaungurumisha pikipiki kando ya kibanja chetu cha migomba. Safari ya Mabira, kwa mchimbaji. Sikubishana. Nilipanda nyuma yao, tukatoka kijijini kwetu Ihembe katikati ya migomba, kichwa cha mwanangu kikigusa kifua changu, cha moto. Nilikuwa nasali na kutukana kwa pamoja, Mungu anisamehe.

Tulipofika njia panda nikampiga dereva begani. "Kata kushoto. Zahanati."

"Nyoosha!" akasema mama.

"Huyu mtoto nimemzaa mimi. Kata kushoto!"

Maskini dereva alikata kushoto. Tuliposimama mlangoni, mama akageuka na kunitazama. "Akifa," akasema, "usinililie mimi."

Muuguzi alimtoboa mtoto kidole, akapima damu, akakuta malaria. Akatupa dawa mseto na pakiti za ORS, akanielekeza namna ya kumnywesha kidogokidogo, na kumrudisha haraka akizidiwa. Nikamwomba aangalie na ufizi. Akauangalia. "Meno yanakuja," akasema, akamwita mgonjwa mwingine.

Kumbe kazi ilikuwa kusubiri. Tulirudi nyumbani na kuharisha hakukukoma. Namnywesha kwa kijiko, anatapika. Nambadilisha nepi, anachafua nyingine. Mama anaosha nepi zile na kuzianika. Na kama yeye ndiye mwenye haki? Mjuaji mimi, je, nimemuua mtoto kwa michoro ya ubaoni? Kesho yake mchana nilishika simu, nikaitafuta namba ya yule bodaboda atupeleke Mabira, nikaitazama. Ningempigia. Haki ya Mungu, ningempigia, kama mtoto asingelia kilio cha njaa, kile chenye ukali. Akanyonya kwa nguvu mpaka nikaumia. Jioni jasho likamtoka, homa ikashuka.

Chonge zake zilitoka akiwa ameshajua kutembea. Siku hiyo mama alikuwa uani anamenya ndizi, mtoto akampandia mapajani. Mama akajifuta utomvu mkononi, akaingiza kidole mdomoni kama siku ile. Nilikuwa na neno langu kali, nimelitunza kwa muda mrefu: plastiki imekuwa ngumu sasa, mama? Nikakaribia ili nilitoe.

Aligusa ncha, akashuka mteremko mmoja, akapanda akashuka wa pili, akafika pale taji linapojaa karibu na ufizi. Akarudia upya. Mtoto akamng'ata, naye hakutoa kidole.

"Ni jino," akasema. "Jino kabisa."

"Ndiyo, mama."

"Kabla ya mumeo nilizaa msichana." Sikuwahi kusikia habari hiyo, wala mume wangu hajawahi kuisema. "Nilimpeleka akachimbwa, akatoka damu mpaka jioni, akanyamaza, nikamzika. Wakaniambia nimechelewa kumleta." Alikuwa bado ameshika lile jino. "Ndiyo maana mumeo nilimwahisha."