Meza ya Mlangoni

Meza yangu ya kushonea alipewa mtu mwingine nikiwa kwenye boti, Italia, kati ya Salerno na Amalfi, mkononi nusu ya mkate wenye samaki na bahari imetulia kabisa. Aliyenipigia simu kunipa habari hiyo alikuwa na furaha. Alidhani nami nitafurahi.

Lazima nirudi nyuma kidogo. Mwaka jana, 2014, nilikuwa, kama nilivyo sasa, fundi cherehani Isipingo, nje kidogo ya Durban, kwenye chumba cha chini kinachotazamana na kituo cha teksi, yaani matatu za huku. Tulikipanga wawili: mimi, Mkenya wa Nakuru, na mama mmoja Mkongo wa Uvira, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu. Meza yake ilikuwa ndani, yangu mlangoni. Ya mlangoni ndiyo yenye mwanga, na ndiyo anayoiona kwanza mtu anayeshuka kwenye teksi na sketi ya shule iliyochanika. Nilianza ndani, gizani, nikashona huko miaka mingi nikimsubiri fundi aliyekuwa mlangoni ahame. Alipohama nilisogeza cherehani yangu siku hiyohiyo, kabla hajamaliza kufunga mizigo.

Italia iliniingia kichwani nikiwa kazini. Nilikuwa Bluff, mtaa wa ufukweni Durban, nyumbani kwa mteja, nimepanda kiti napima mapazia, na televisheni ilikuwa inaonyesha pwani ya Amalfi. Boti inafika mji mmoja, watu wanashuka. Inakwenda mji wa pili, wengine wanapanda. Nyumba zimeng'ang'ania mlima kama zitaanguka, lakini watu hawana haraka. Hakuna aliyepigiwa honi, hakuna aliyevutwa mkono aingie gari hili na si lile. Nilisimama juu ya kile kiti mpaka kipindi kikaisha.

Safari zote nilizowahi kufanya zilikuwa na sababu. Msiba, harusi, kazi, karatasi za ukaazi. Nilitaka safari moja isiyo na sababu, na pesa zilikuwa zangu.

Mwenzangu alipoona viza aliacha kukanyaga cherehani.

"Dada Mkenya, unaenda kwa nani kule?"

"Siendi kwa mtu."

"Basi umepata kazi."

"Hakuna kazi. Natembea tu, halafu narudi."

"Mtu hawezi kupanda avio mpaka Ulaya juu ya kutembea tu. Bluff yenyewe iko hapa karibu, na unaendaka kwa mapazia! Sema ukweli, mama, nikuombee vizuri."

"Ukweli ndio huo."

"Sawa," alisema, akarudi kwenye pindo lake. "Ukifika utanipigia."

Hapa lazima nieleze desturi yetu. Kwa watu wanaozungumza Kiswahili Durban, angalau wa kanisa letu, mtu akipata viza ya Ulaya anaagwa. Kunapikwa wali, sombe, yaani kisamvu, na samaki, watu wanaomba, halafu chakula kikiisha wanaanza kusema taratibu nani anahitaji nini. Friji. Kitanda. Sufuria kubwa. Si uroho. Aliyeondoka harudi, hajawahi kurudi hata mmoja, na vitu vyake haviwezi kukaa bila mwenyewe wakati wapo waliofika juzi ambao hawana hata mto.

Nilikataa kuagwa. Wakaja hivyohivyo, na masufuria yao, nyumbani kwangu Cato Manor. Nikavumilia mpaka mama mmoja alipofungua friji yangu na kutazama ndani, si kwa njaa, bali kupima ukubwa. Nikasimama.

"Nisikilizeni. Naenda kutembea siku kumi. Nitarudi. Friji isiguswe, kitanda kisiguswe, na meza yangu ya Isipingo isiguswe."

Watu wote wakapiga makofi. "Amina!" mzee mmoja akaitikia kutoka jikoni. "Imani kubwa hiyo!"

Italia nilikuwa nimejipangia utaratibu, na sikuuvunja. Nililala Salerno, mji ulio tambarare, karibu na kituo cha treni na bandari, kwa sababu miji ya kule mbele ni ngazi juu ya ngazi na magoti yangu ni magoti ya fundi cherehani. Sikukodi gari, barabara ile ina kona zinazomfanya dereva asione bahari hata mara moja. Kila siku mji mmoja tu. Asubuhi nakwenda kwa boti, jioni narudi kwa basi, nimekaa upande wa kulia ambao dirisha lake linaning'inia juu ya maji.

Nilikosea mara moja, na lilikuwa kosa la mtu wa Durban. Jioni ya kwanza nilisimama kwenye kona nje ya Amalfi nikainua kidole juu, jinsi tunavyoashiria teksi ya kwenda mjini. Basi likanipita. La pili lilisimama kwa sababu kulikuwa na foleni ya magari, nikaingia, nikakaa, nikamgusa bega mzee aliyekuwa mbele yangu na kumpa sarafu azipitishe kwa dereva. Durban nauli hupita mkono kwa mkono mpaka mbele, na chenji hurudi njia hiyohiyo. Mzee alizipokea kwa shukrani nyingi, akazitia mfukoni, kisha akainama kutazama chini ya kiti kama kuna nyingine alizoangusha. Baadaye nikajua kwamba tiketi inanunuliwa dukani, kwenye duka la sigara na magazeti, kabla ya kupanda. Sarafu sikumdai.

Siku ya tano ndiyo mwenyekiti alipopiga simu, nikiwa kwenye boti.

"Dada! Mungu ni mwema! Meza imepata mtu."

"Meza gani?"

"Yako! Mama mmoja kijana wa Goma, iko na mtoto mgongoni, amefika wiki hii. Tumempa kanisani, mbele ya watu wote. Alilia, maskini."

"Nilikwambia nini? Narudi. Ijumaa niko hapo."

Sauti yake ikashuka. "Naelewa, dada. Uko mbele ya watu, huwezi kusema. Usiogope. Kaa vizuri huko, jifiche vizuri." Akakata.

Boti ilikuwa inakaribia gati. Jambo la kwanza nililofikiria ni kubadilisha tiketi ya ndege. Nilijua jinsi wateja walivyo: wanamfuata aliye mlangoni, na fundi akikaa mlangoni wiki mbili hutamtoa. Kila siku niliyobaki kule ilikuwa inampa yeye mizizi. Nilijua hilo kabisa, na nikabaki. Kama ningekatiza safari, ningekuwa nimekubaliana nao kwamba mtu kama mimi haruhusiwi kwenda mahali kwa raha yake tu, kwamba Ulaya kwetu ni ya kukimbilia au ya kurudishwa. Nilizima simu. Kesho yake nilitembea kwa miguu kutoka Maiori hadi Minori, kwenye njia inayopita kati ya mashamba ya malimau, polepole, nimekasirika njia nzima. Hata hasira sikuikimbiza. Nilikaa juu ya ukuta wa mawe nikala barafu ya limau mpaka meno yakauma.

Ijumaa nilitoka uwanja wa ndege moja kwa moja hadi Isipingo, sanduku mkononi. Mama wa Goma alikuwa mezani, binti mwembamba mwenye mikono mepesi, anashona kola ya shati jeupe. Mtoto wake alikuwa amelala ndani ya boksi la vipande vya vitambaa. Cherehani yangu ilikuwa chini ya meza, imefunikwa khanga.

Mwenyekiti alitoka ndani, akashika mdomo.

"Wamekurudisha!"

"Nimejirudisha mwenyewe."

"Pole, dada. Pole sana. Mungu atafungua mlango mwingine."

"Sihitaji mlango mwingine. Nataka meza ya huu."

Yule binti aliweka mkasi chini. "Mama, mimi sikuiba," alisema. "Nilipewa. Walinipigia makofi."

"Hata mimi walinipigia. Ndani kuna nafasi, utakaa na mwenyekiti."

"Ndani hakuna mteja."

Hakuna aliyelijua hilo kuliko mimi. Lakini nilitoa cherehani yangu chini ya meza, nikasukuma kitambaa chake upande wake, nikaiweka upande wangu, nikachomeka waya. Tukaanza kushona tukiwa tumepeana viwiko. Mtoto alipolia, yeye alimchukua mimi nikamwambia mteja asubiri.

Jumapili mchungaji aliwaita mbele wote waliokataliwa na waliorudishwa, waombewe. Vichwa vya mistari mitatu ya mbele viligeuka kunitazama. Mwenyekiti alinisukuma kidogo mgongoni kwa upendo. Nilibaki nimekaa, miguu nimeikunja, kama nilivyokaa kwenye boti. Baada ya ibada mama mmoja alinishika mkono akaniuliza kwa huruma walinikamatia mji gani. Nikamtajia miji yote niliyopita, mmoja baada ya mwingine, na nilichokula katika kila mmoja. Aliniambia nimeteseka sana.

Friji yangu, waliyokuwa wameigawa pia, ilirudishwa, imesafishwa vizuri kuliko nilivyoiacha.

Meza ndiyo bado. Sasa ni Januari, msimu wa sare, na tumeshona watu wawili mlangoni tangu nirudi. Wateja wengine wanamtaka yeye, wengine mimi, wengine wanampa kazi yeyote aliyeinua kichwa kwanza. Mwenye jengo hataki cherehani mbili kwenye soketi moja; amesema shule zikifunguliwa akute fundi mmoja mlangoni, na nani abaki tuamue wenyewe. Mwenyekiti anasema nimwachie binti, kwa kuwa mimi nimeshaona Ulaya. Nimemjibu kwamba kuona Ulaya hakulipi kodi. Shule zinafunguliwa Jumatano, na leo asubuhi cherehani zote mbili zilikuwa mezani.